Kwa Kaka Wensi, Aliyebakiwa na Neno Moja

Kaka yangu Wensi,

Watakaoisoma barua hii watashangaa kuona sikuiti Baba Askofu. Nimekuita hivyo miaka mingi, hata tukiwa wawili tu hapa kwangu Tabata, wewe umevua viatu unamenya ndizi mbichi na mimi nakuna nazi. Leo naomba nikuite jina lako la Temeke, la kabla Kanisa halijakuchukua. Nikikuita Baba Askofu nitaogopa, na nikiogopa nitanyamaza tena.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Watu bado wananisimamisha njiani kunipa pole. Wananiambia umeacha chuo, umeacha mapadre uliowapa daraja, umeacha wahitimu nchi nzima. Naitikia, nasema asanteni. Kisha narudi ndani, nakaa kwenye kiti kilicho karibu na kitanda chako, na hakuna sala inayotoka. Najaribu Baba Yetu, nikifika kwenye kusamehe naishia hapo.

Nakukumbuka Temeke, mvua za masika zilipokuwa zikijaza mtaa wetu maji machafu mpaka magotini. Ulinibeba mgongoni kunipeleka shule, na daftari langu umeling'ata kwa meno lisije likalowa. Tukifika ulikuwa unalitoa mdomoni na kulifuta kwa shati lako, ndipo unanikabidhi. Alama za meno yako zilibaki kwenye jalada mwaka mzima. Uliporudi likizo kutoka seminari, umekonda, ulisimama juu ya kigoda cha mama ukanihubiria mimi peke yangu, niliyekuwa naosha masufuria. Ulikuwa ukiniuliza, "Umeelewa?" Nami nakujibu sijaelewa, ili uanze upya, maana sauti yako ilikuwa nzuri na masufuria yalikuwa mengi.

Ukawa padre. Wakakupeleka kusoma ng'ambo, ukarudi na shahada ya udaktari na tumbo lisilotaka tena pilipili. Kisha ukawa askofu. Siku ya kuwekwa wakfu, mama alikuwa bado hai. Walimketisha kiti cha mbele kabisa. Ulipovikwa kofia akaniinamia sikioni akaniuliza, "Sasa huyu nani atamwambia akikosea?" Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya kizee.

Mume wangu alipofariki, Editha alikuwa na miaka minne. Wewe ndiye uliyejaza nafasi ile. Kila mwezi ulikuja, ukavua pete yako ukaiweka ndani ya kikombe juu ya kabati, ukakaa naye chini kwenye mkeka. Alikivaa kikofia chako cha zambarau akatembea nacho uani, na majirani wakavunjika mbavu. Alipokua kidogo ukaanza kumfundisha kubishana. Ulimpa jambo, labda kama watoto wachaguliwe nguo au wachague wenyewe, ukamwambia asimame juu ya stuli atetee upande wake. Akianza kulia kwa hasira unamwambia, "Editha, toa hoja, usitoe machozi. Machozi yako mtu anaweza kuyapuuza. Hoja hawezi." Akafuta uso, akaendelea. Nilikuwa nawasikiliza kutoka jikoni nikijisemea kwamba mtoto wangu hakukosa baba.

Maaskofu wenzako wakakukabidhi chuo kikuu, kule pembezoni mwa jiji. Ulikuta madarasa hayana dari na wahadhiri wanagombana. Ulikiweka sawa chuo kile, kaka, siwezi kukunyima hilo. Ulikuwa Makamu Mkuu wa Chuo na bado unafundisha darasa moja la maadili, ukisema kiongozi asiyefundisha anasahau mwanafunzi anafananaje. Ijumaa ulikula kantini na vijana, sahani mkononi, ukipanga foleni. Editha alipopata nafasi ya kusoma sheria pale, ulifurahi mpaka ukaimba. Ukamwambia jambo moja tu: "Ndani ya uzio wa chuo mimi si mjomba wako. Usiniite hivyo." Akakubali. Miaka miwili na ushee alikuita Makamu Mkuu kama wenzake, na hakuna aliyejua.

Mwaka wake wa tatu maji yakakatika mabwenini. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Wasichana wakawa wanateka maji kisimani kwa jirani na kupanda na ndoo mpaka ghorofa ya nne. Waliandika barua kwa uongozi, ikakwama kwenye meza ya mtu. Editha alikuwa mwakilishi wa darasa. Siku moja mchana alisimama juu ya benchi kantini akaisoma ile barua kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wote. Baada ya hapo kundi likaondoka kwa hasira kwenda jengo la utawala, mawe yakarushwa, vioo vikavunjika, na mlinzi mmoja akaumia jicho.

Kamati ya nidhamu ilikuletea majina saba ya kufukuzwa. La kwanza lilikuwa la Editha, kwa uchochezi.

Nilikuja nyumbani kwako asubuhi yake. Ulikuwa hujanyoa.

"Kaka, huyu ni Editha," nilikuambia.

"Najua ni nani."

"Hakurusha jiwe."

"Kamati imesema alichochea." Ukanimiminia chai. "Dafroza, nikilifuta jina lake, nitawaambia nini akina mama wa wale sita? Kwamba watoto wao hawana mjomba?"

Nilikuwa na maneno tele. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Tabata. Nilitaka kukuambia umwite tu, umuulize, umsikilize dakika tano kama ulivyokuwa ukimsikiliza kwenye stuli. Lakini msalaba wa dhahabu ulikuwa kifuani mwako, nami nikaona nani mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nimfundishe askofu haki. Nikamaliza chai yangu. Nikasema, "Basi, Baba Askofu. Wewe ndiye unayejua."

Nilimkuta Editha amekaa kwenye ngazi ya mlango, bado amevaa sare ya klabu yao ya mdahalo.

"Mjomba amesemaje?"

"Nenda ukampigie magoti, umwombe radhi."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Kwa kumwaibisha."

Akaniangalia. Hakulia. "Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama," alisema. "Na wewe ulikuwepo."

Wiki iliyofuata alihamia Mbweni kwa rafiki yake. Akapata kazi kwenye duka la vigae, kuhesabu maboksi na kuwaonyesha rangi watu wanaojenga nyumba za ufukweni. Vyuo viwili alivyoomba vilitaka barua ya tabia njema kutoka chuoni kwako, na hakwenda kuiomba. Alikuja Krismasi saa ambazo alijua wewe uko kanisani. Hivyo ndivyo miaka sita ilivyopita, kaka. Wewe ulisali misa sebuleni kwangu, yeye akaja kuchukua nguo zake chache zilizobaki, mmoja akishaondoka ndipo mwingine anaingia, na mimi katikati nikipika.

Halafu ile Jumamosi. Ulikuwa umeshastaafu, unaishi nyumba ya mapadre wazee. Ulikuja bila dereva, uso umeparama. Hukuvua viatu. Uliniambia yule mlinzi aliyeumia jicho alikuja kukusalimia, naye amestaafu, na katika mazungumzo akakuuliza habari za yule binti.

"Binti gani?" ulimuuliza.

"Yule aliyenifunga jicho kwa mtandio wake."

Ndipo ukajua. Kwamba Editha alikimbia mbele ya lile kundi, akasimama mlangoni pa utawala ametanua mikono, akiwapigia kelele wenzake warudi. Kwamba mlinzi alipopigwa jiwe ni yeye aliyempakata mpaka gari lilipokuja. Mlinzi aliisimulia kamati yote hayo, na kamati haikuyaandika.

Maneno uliyoniambia baada ya hapo ninayo kama yalivyotoka: "Nilisaini karatasi yenye nusu ya habari. Ningeweza kumwita nimuulize. Sikumwita kwa sababu nilikuwa nawaza watu watasemaje. Nilikiita haki, Dafroza. Kilikuwa woga."

Nikanyakua simu. "Nimpigie sasa hivi?"

"Usimpigie. Niachie mimi. Hili nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Ngoja nimalize mafungo, nitakwenda Mbweni kwa miguu yangu. Wewe usimwambie kitu. Niahidi."

Nikaahidi. Kwa mara nyingine nikasema, sawa, Baba Askofu.

Siku kumi baadaye ulianguka bafuni.

Kiharusi kilikuchukua mkono wa kulia, mguu, na maneno yote isipokuwa moja. Daktari alinieleza kwamba huwa inatokea hivyo: sehemu ya usemi inakufa, na linabaki neno moja linalojitokeza lenyewe, mtu atake asitake. Wengine hubakiwa na jina la mtoto, wengine na tusi. Wewe ulibakiwa na "hapana". Ukiwa na njaa ulisema hapana. Ukishiba, hapana. Nilikuomba jimboni, wakanikubalia nikuuguze mwenyewe, na nyumba hii ikajaa neno hilo kuanzia alfajiri.

Jirani yangu Bi Saumu, yule mama wa Kizaramo ambaye ukoo wake uko hapa tangu Tabata ni mashamba, ndiye aliyenisaidia kukugeuza kitandani. Alikupenda bure. Aliingia na uji wa mchele, akasema, "Baba Askofu, umeamkaje?"

"Hapana."

"Haya, alhamdulillahi. Na uji utakunywa?"

"Hapana, hapana."

"Mie naelewa, baba. Fungua mdomo." Na ulifungua. Alikuwa anakuangalia macho, hasikilizi neno. Kwake ulitabasamu upande mmoja wa uso.

Nami nilingoja sauti yako irudi. Editha nilimwambia kwa simu kwamba mjomba wake anaumwa na hawezi kusema. Zaidi ya hapo sikumwambia. Nilijiambia ahadi ni ahadi, tena kwa askofu. Kwamba ungepona, ungemwambia mwenyewe kama ulivyotaka. Miezi ikaenda. Siku moja kwaya ya jumuiya yetu ilikuja kukuimbia, nawe ukafungua mdomo ukaimba nao. Wimbo wa Mama Maria, beti zote, kila neno mahali pake! Nililia kwa furaha. Daktari alinionya: wimbo unakaa sehemu nyingine ya kichwa, usidhani maneno yamerudi. Mimi nikadhani. Nikampigia Editha siku hiyohiyo, nikamsihi, "Njoo umwone. Kuna jambo ana shauku ya kukuambia."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, na matunda kwenye mfuko. Na Mungu, ambaye simwelewi tena, akaruhusu uwe unaimba wakati ule mtoto anafungua geti. Alisimama uani akakusikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Nilimwona dirishani. Uso wake ulikuwa umelainika, kaka. Naapa ulikuwa umelainika.

Akaingia, akapiga goti karibu na kitanda chako.

"Shikamoo, mjomba."

"Hapana," ukasema.

Katika nchi hii hata adui anaitikiwa shikamoo. Niliona mabega yake yakishtuka. Nilitaka kusema kitu, nikaona machozi yanakutoka, nikafikiri sasa, sasa yanakuja, nisimkatize. Nikangoja. Nilingoja, kaka, kama mjinga.

Editha akakushika ule mkono mzima. "Mjomba, mama anasema una neno la kuniambia. Mie sijaja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu. Uliamini kweli kwamba mie nilifanya vile?"

Ulijaribu. Nilikuona shingo ikivimba, midomo ikitafuta. Ukamvuta kwako kwa nguvu zako zote ulizokuwa nazo, na kilichotoka ni, "Hapana. Hapana. Hapana, hapana."

Hapo pekee neno lile lilikuwa jibu sahihi. Ulikuwa umemjibu! Lakini ulilisema kama mtu anayefukuza, kwa sauti kubwa, mate yakikutoka, na mkono wako ukimtikisa. Akajinasua, akasimama, akatoka.

Nilimfuata pekupeku mpaka barabarani.

"Editha, si yeye. Ni ugonjwa. Hana neno lingine, hata uji anausemea hapana."

"Nimemsikia anaimba, mama. Wimbo mzima. Nina masikio."

"Wimbo ni tofauti, daktari amesema. Mwanangu, alinikiri kabla hajaanguka. Mlinzi alimweleza kila kitu, mtandio, mlango, vyote. Alisema alikosea. Alisema ulikuwa woga wake."

Akasimama. "Alisema lini?"

"Kabla ya kuugua."

"Ina maana zaidi ya nusu mwaka. Na wewe ukakaa nalo?"

"Alinikataza. Nilimwahidi."

Akatikisa kichwa taratibu, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenitukana. "Mama, wewe umemtetea maisha yako yote. Leo nitajuaje kwamba hili si la kumtetea pia?"

 Ningekuwa nimewahi kumsimamia hata siku moja, angeniamini.

Niliporudi ndani Bi Saumu alikuwa anakufuta uso. Ulinitazama mlangoni kuona kama narudi naye. Hukuimba tena tangu siku ile. Wiki ya tatu ukakataa uji, na safari hii hata Bi Saumu hakuweza kukufungua mdomo. Ulikufa asubuhi, nikiwa nimekushika ule mkono usiohisi kitu. Niliushika huo kwa bahati mbaya, nilikuwa nimekaa upande wake. Hata hilo linanisumbua.

Mazishi yako yalikuwa makubwa. Kanisa kuu lilijaa mpaka nje, maaskofu wamepanga mistari, wanafunzi wako wa zamani wamevaa joho. Yalikuwa yanarushwa moja kwa moja mtandaoni. Nilipewa kiti cha mbele. Kisha akasimama mzee mmoja kutoka chuoni kutoa wasifu wako, na kati ya mema yako yote akachagua hili. Akasema, "Baba Askofu hakuwa na upendeleo. Palipotokea vurugu, alimfukuza hata mtoto wa dada yake, aliyekuwa kinara wa fujo zile. Hakuitazama damu yake. Viongozi wangapi leo wanaweza?"

Watu wakapiga makofi. Ndani ya kanisa, mbele ya jeneza lako, wakapiga makofi.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye kipaza sauti. Nilijua ukweli wote, mimi peke yangu kati ya watu wale wote, na uliniambia wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Sikuinuka. Nikawaangalia maaskofu, nikaangalia kamera, nikainamisha kichwa. Aliyekuwa pembeni yangu akanipapasa bega, akidhani nalia kwa fahari.

Jioni ile Editha alinitumia ujumbe. "Poleni na msiba wa Askofu." Basi. Poleni, kama mtu anavyowaambia watu wa nyumba nyingine.

Nilipiga, simu haikupatikana. Baada ya arobaini nilikwenda Mbweni, dukani. Msichana wa kaunta akaniambia dada Editha aliacha kazi wiki ya mazishi, akaaga vizuri tu, hakusema anakwenda wapi. Nilimwambia mimi ni mama yake. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Shikamoo mama. Mbona alisema hana mtu hapa mjini?"

Naiandika wazi barua hii, kaka, ili watu walioyapigia makofi maneno yale wajue. Binti yangu hakuchochea mawe. Alisimama mlangoni kuyazuia. Wewe ulijua ukakosa sauti ya kumwambia. Mimi nilikuwa na sauti na nikakosa moyo. Huenda ataisoma, huenda hataisoma. Sina namba yake nyingine, wala sijui mtaa wake, wala sijui kama leo amekula.

Watu wananiambia nikuombee pumziko la milele. Sijafika huko, kaka. Nakupenda, na siwezi kukuombea. Nikifika nitakuambia.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Dafroza
Tabata